Seli T na utumbo unaowaka: majibu kwa wasomaji

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu ugonjwa wa mchochota wa utumbo, yaani ugonjwa wa Crohn na kolaitisi ya vidonda. Crohn hushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa na huweza kupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana na puru, na huchubua utando wa ndani tu. Barua nyingi zinazunguka jina moja ambalo madaktari hulitaja haraka haraka na kupita: seli T.

Shikamoo daktari. Nimeambiwa kinga yangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe. Sasa kinga hiyo ni kali mno au ni dhaifu? Na seli T ni kitu gani hasa?
*Msomaji wa miaka 24, mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda*

Marahaba. Ulichoambiwa ni kweli nusu. Seli T ni aina ya seli nyeupe za damu. Huzaliwa kwenye uboho, kisha huenda kukomaa katika thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Kila moja hutoka huko na kipokezi chake, kinachotambua kipande fulani tu cha protini. Bakteria mzima akipita mbele yake haimwoni. Ni lazima seli nyingine, hasa seli dendriti, immeze bakteria huyo, imkatekate, kisha ioneshe kipande chake kwa nje. Hapo seli T hupokea ishara tatu: kipande chenyewe, uthibitisho kwamba kuna hatari, na saitokini, yaani protini ambazo seli hutumiana kama ujumbe.

Ishara ya tatu ndiyo huamua seli iwe ya namna gani. Intaleukini-12 ikitawala, seli T saidizi (ile ya CD4) hugeuka kuwa Th1, inayomwaga interferoni gama na TNF, saitokini mbili zinazochochea mchochota. TGF-beta ikikutana na intaleukini-6, kisha intaleukini-23 ikaja kukoleza, tunapata Th17. Lakini TGF-beta ikikutana na zao la vitamini A pasipo kelele za hatari, seli ile ile huwa seli T dhibiti, ambayo kazi yake ni kuwatuliza wenzake, mara nyingi kwa kutumia intaleukini-10.

Sasa fikiria mahali penyewe. Utumbo mpana umebeba matrilioni ya bakteria, na kinachowatenga na damu ni safu moja tu ya seli pamoja na ute ulio juu yake. Hata mtu mzima wa afya anazo seli T zinazowatambua bakteria hao. Tofauti yake na wewe ni kwamba kwake seli dhibiti zimeshika usukani. Mwaka 1993 watafiti waliwapa panya wasio na seli T kundi moja tu la seli za CD4, zile ambazo hazijawahi kupambana na chochote. Wiki kadhaa baadaye utumbo mpana wa panya hao ukawaka. Walipochanganya na kundi jingine, ambalo leo tunajua lilikuwa na seli dhibiti, panya walibaki salama. Na panya waliohandisiwa wakose intaleukini-10, ambao huugua utumbo, wakilelewa bila bakteria hata mmoja hawaugui.

Kwa binadamu tunaona hayo hayo. Watoto wa kiume wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ya FOXP3, ambayo bila hiyo seli dhibiti haziundiki vizuri, huanza kuharisha vibaya katika miezi ya mwanzo ya maisha. Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025 kwa kazi yao juu ya seli hizi dhibiti.

Kwa hiyo kinga yako si kali wala dhaifu. Breki zake ndizo zimelegea. Seli T zinapambana na bakteria wa kawaida wa utumbo, na ukuta unaharibika kwa sababu vita vinapiganiwa humo. TNF na interferoni gama hulegeza maungio ya seli za ukuta, maji na protini vikavuja. Saitokini nyingine huziita nyutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, kwa wingi, nazo huchimba vidonda. Damu na kamasi unazoziona chooni zinatoka hapo.

Zamani ilifundishwa kwamba Crohn ni ugonjwa wa Th1 na kolaitisi ya vidonda ni wa Th2, namna nyingine ya seli T saidizi. Mgawanyo huo ni mzuri kwa mtihani, lakini dawa nyingi zilezile zinafanya kazi katika magonjwa yote mawili, kwa hiyo usiusumbukie.

Kama seli za CD4 ndizo zenye shida, mbona sipimwi CD4 kama wanavyopimwa watu wenye VVU?

Kipimo cha CD4 huhesabu seli zilizo kwenye damu, na kwenye damu kuna takriban asilimia 2 tu ya limfosaiti (kundi la seli nyeupe ambamo seli T zimo) zote za mwili. Kwa mwenye VVU swali ni idadi. Kwako swali ni tabia ya seli hizo na mahali zilipo. Hesabu yako ya damu inaweza kuwa nzuri kabisa huku ukuta wa utumbo umefurika seli T.

Kinachosaidia ni kalprotektini ya kinyesi, protini inayotoka kwenye nyutrofili zilizoitwa na seli T. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu ni kawaida. Zaidi ya 250 kwa kawaida kuna mchochota unaoendelea. Katikati hapo rudia baada ya wiki chache. Usipime wakati umetoka kunywa ibuprofen au diklofenaki, wala wakati una maambukizi ya tumbo, kwa maana vyote viwili hupandisha namba. Kisha kuna kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, na hapa uliza kama vinyama vya kupima vimechukuliwa sehemu mbalimbali, pamoja na mwisho wa utumbo mwembamba na maeneo yanayoonekana mazima. Kinyama kimoja kutoka kwenye kidonda hakitoshi kutofautisha Crohn na kolaitisi.

Tahadhari moja. Dawa za ozanimod na etrasimod huzifungia limfosaiti ndani ya tezi za limfu zisitoke kwenda utumboni. Anayezitumia ataona limfosaiti zimeshuka sana kwenye majibu ya damu. Hiyo ndiyo kazi ya dawa, na mwenye maabara asiyejua historia yako anaweza kukushtua bure.

Nina wiki ya sita na azathioprine, miligramu 50 kwa siku. Sioni nafuu. Nina kilo 62. Niache?

Usiache bado, ila dozi hiyo irudishwe mezani. Dozi kamili ya azathioprine kwa ugonjwa huu ni miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kwako ni kati ya 125 na 150 kwa siku. Miligramu 50 ni dozi ya kuanzia. Watu wengi huachwa hapo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuipandisha, kisha dawa inalaumiwa kwamba imeshindwa.

La pili ni muda. Dawa hii haizuii saitokini yoyote moja kwa moja. Mazao yake hujikusanya polepole ndani ya seli, na seli T inapochochewa hukosa ile ishara ya kuendelea kuishi, ikajiua yenyewe. Ni lazima mazao yajae, na ni lazima seli zichochewe zipungue kundi baada ya kundi. Hesabu wiki 8 hadi 12 ukiwa kwenye dozi kamili, si tangu kidonge cha kwanza. Ndiyo maana huanzishwa pamoja na predinisoloni, dawa ya steroidi: miligramu 40 kila asubuhi, ukipunguza 5 kila wiki, inakuchukua wiki 8, na hizo zinaziba sehemu kubwa ya pengo. Predinisoloni iliyotumika wiki kadhaa haikatwi ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zimelala na zinahitaji muda kuamka.

Kabla dozi haijapandishwa, omba kipimo cha vimeng'enya vya TPMT na NUDT15 kama kinapatikana. Mwenye upungufu mkubwa wa kimojawapo anaweza kupoteza seli nyeupe karibu zote kwa dozi ya kawaida. Kipimo kiwepo kisiwepo, picha kamili ya damu na vipimo vya ini hufanywa kila wiki mwezi wa kwanza, kila wiki mbili kwa miezi miwili inayofuata, kisha angalau kila miezi 3 kwa muda wote unaotumia dawa. Seli nyeupe zikishuka chini ya 3,500 kwa mikrolita, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Homa pamoja na koo linalouma hazisubiri kliniki.

Maumivu makali ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni, hasa ndani ya mwezi wa kwanza, ni dalili ya kongosho kuvimba. Acha dawa, nenda hospitali, na usiirudie tena maishani. Na ukiandikiwa allopurinol kwa ajili ya jongo, mwambie anayekuandikia kwamba unatumia azathioprine. Zikichanganywa bila kupunguza azathioprine hadi robo au theluthi ya dozi, uboho hukandamizwa.

Mama yangu anatakiwa aanze infliximab kwa ajili ya Crohn. Wamemwambia apimwe kifua kikuu kwanza, wakati hakohoi. Wanapoteza muda?

Hapana. Kama wasingempima, ungekuwa na haki ya kulalamika.

Bakteria wa kifua kikuu anaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Seli za Th1 humzingira ndani ya kifundo kidogo kiitwacho granuloma. Interferoni gama yao huzipa makrofaji, seli zinazomeza bakteria, nguvu ya kumdhibiti, na TNF ndiyo inayoshikilia ukuta wa kifundo hicho usimomonyoke. Infliximab huizima TNF, iwe inaelea au imebandikwa juu ya seli T, na hilo la pili ndilo linaloifanya ifae kwa Crohn. Etanercept, ambayo nayo huizuia TNF, haikufaa. Ukizima TNF, kifundo hulegea na bakteria hutoka. Dawa iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na kufikia mwaka 2001 taarifa za wagonjwa kulipukiwa na kifua kikuu, mara nyingi ndani ya miezi michache ya mwanzo na mara nyingi nje ya mapafu, zilikuwa zimeshachapishwa.

Mama atapigwa eksirei ya kifua, pamoja na kipimo cha ngozi au kile cha damu kinachopima interferoni gama. Hicho cha damu kinawauliza mashahidi wenyewe: seli T zake huwekwa pamoja na protini za bakteria, na kama zinamkumbuka humwaga interferoni. Sasa, mgonjwa aliyekwisha kunywa predinisoloni nyingi kwa wiki kadhaa ana seli T zilizozubaa, na kipimo kinaweza kutoa jibu la uongo au jibu lisiloeleweka. Kwa hiyo kipimo kifanywe mapema, ikiwezekana kabla ya predinisoloni, na historia ya kuishi na mtu aliyeugua kifua kikuu isemwe hata kama haikuulizwa. Apimwe na homa ya ini B pia, kwani nayo huamka.

Akikutwa na maambukizi yaliyolala, huanza dawa za kinga, na infliximab kwa kawaida husubiri angalau mwezi mmoja. Kama dawa hizo zina rifampicin au rifapentine, predinisoloni yake itayeyuka haraka kuliko kawaida na dozi itahitaji kuangaliwa.

Lipo kosa baya zaidi ya hilo. Kifua kikuu cha utumbo hupenda mahali palepale Crohn inapopapenda, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, nacho huleta vidonda, kukonda, homa na granuloma. Kumpa infliximab mwenye kifua kikuu cha utumbo kwa kudhani ni Crohn ni kumwagia mafuta motoni. Granuloma yenye kuoza katikati, majimaji tumboni au kivuli kwenye eksirei vinaelekeza kwenye kifua kikuu. Vidonda vyenye umbo la mstari mrefu na fistula (vijitundu visivyo vya kawaida) za njia ya haja kubwa vinaelekeza kwenye Crohn. Pale shaka inapobaki, madaktari huanza na dawa za kifua kikuu na kurudia kolonoskopi baada ya miezi michache. Vidonda visipopona, Crohn ndiyo hutibiwa.

Baada ya hapo ratiba ya infliximab ni miligramu 5 kwa kilo kwa dripu, wiki ya 0, ya 2 na ya 6, kisha kila wiki 8. Chanjo hai, kama ya homa ya manjano au surua, ziwe zimetolewa angalau wiki 4 kabla. Akishaanza, hazitolewi.

Vedolizumab imenituliza tumbo, lakini magoti na vifundo vya miguu vinauma kuliko mwanzo. Dawa imeharibu kitu?

Pengine haijaharibu kitu, ila haifiki huko. Seli T inayofundwa kwenye tezi za utumbo huondoka na anwani. Seli dendriti za utumbo, kwa kutumia vitamini A, huifanya ivae intigrini, protini ya kujishikiza, iitwayo alfa-4-beta-7. Mishipa ya damu ya utumbo ina kitasa kinachoendana na ufunguo huo, MAdCAM-1. Vedolizumab huufunika ufunguo, seli T inazunguka kwenye damu bila kupata mlango. Magoti hayatumii mlango huo, na kama maumivu ya viungo yalikuwa yanazimwa na dawa ya TNF uliyoiacha, yatarudi. Mwambie daktari, lakini usijinunulie diklofenaki.

Faida ya kulenga mlango mmoja ni kwamba sehemu nyingine za mwili hubaki na kinga yao karibu yote. Natalizumab, iliyotangulia, ilizuia hata mlango wa seli T kuingia ubongoni, na baadhi ya wagonjwa waliharibiwa ubongo na virusi vya JC. Hasara ya vedolizumab ni uvivu wake: haiziui seli T zilizokwisha kuingia, inazuia nyongeza tu. Ipe hadi wiki ya 14 kabla ya kuihukumu.

Kaka yangu ana soriasisi na alipona kwa secukinumab. Mimi nina Crohn na nasikia Th17 zinahusika. Mbona daktari amekataa kunipa?

Amekataa kwa sababu ilishajaribiwa. Secukinumab hufunga intaleukini-17A, silaha maarufu ya Th17. Katika jaribio la Crohn lililochapishwa mwaka 2012, waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa bandia, na baadhi walizidi. Kwenye ngozi intaleukini-17 ni moto. Utumboni ni moto na fundi kwa pamoja, kwani hukaza maungio ya seli za ukuta na huzuia fangasi. Ukimwondoa fundi, ukuta unavuja.

Kinachofaa ni kupanda ngazi moja juu na kuifunga intaleukini-23, inayozifanya seli T ziwe kali, huku intaleukini-17 ya ukarabati ikiendelea kutoka kwa seli nyingine zisizoihitaji. Risankizumab, mirikizumab na guselkumab hufanya hivyo. Ustekinumab hufunga 23 pamoja na 12. Kaka yako naye akianza kuharisha damu au kukonda, aseme mara moja na apimwe kalprotektini.

Ninunue dawa za asili za kuongeza kinga?

La. Kinga haina kipimo cha kujaa kama tangi. Kinachochochea seli T bila kuchagua hukupandishia Th1 na Th17 ulizolipia kuzishusha, na baadhi ya michanganyiko hiyo inaharibu ini, ambalo tayari linachungwa kwa sababu ya azathioprine. Ukitaka kuzisaidia seli dhibiti kwa chakula, nyuzinyuzi ndizo zenye hoja: bakteria wa utumbo huzichachusha kuwa butireti, na kwa panya butireti huongeza seli T dhibiti kwenye utumbo mpana. Fanya hivyo ugonjwa ukiwa umetulia, na si kama una sehemu ya utumbo iliyosinyaa, kwa maana nyuzi ngumu zinaweza kuziba hapo. Mwenye Crohn anayevuta sigara, kuacha kutamfaa kuliko kila kitu kilichopo kwenye chupa hizo.

Baba anatibiwa saratani kwa ipilimumab, sasa anaharisha mara sita kwa siku. Ni chakula?

Huenda ni seli T. Ipilimumab huondoa breki ya CTLA-4 ili seli T ziivamie saratani, na seli dhibiti hutegemea breki hiyo hiyo kuutuliza utumbo. Kolaitisi hutokea mara nyingi wiki ya 5 hadi ya 10. Linganisha na kawaida yake: ameongeza mara 4 au zaidi kwa siku, timu ya saratani ijue leo, na dozi inayofuata isitolewe kabla hawajamwona. Akiongeza 7 au zaidi, au kukiwa na damu, homa au tumbo kukaza, alazwe. Msimpe loperamide, dawa ya kuzuia kuharisha, ya kuficha idadi. Kwanza hutafutwa maambukizi, kisha hupewa predinisoloni, na kama siku 3 hadi 5 zimepita bila nafuu huongezwa infliximab au vedolizumab.

Nina miaka miwili bila dalili. Kwa nini niendelee kuchomwa infliximab?

Ukutani mwa utumbo kuna seli T za kumbukumbu ambazo hazirudi tena kwenye damu. Hukaa palepale kwa muda mrefu, zimejishikiza kwenye seli za ukuta kwa intigrini nyingine, zikiwajua bakteria wale wale. Dawa inazima ujumbe wao, lakini hao wakazi hawahami. Katika utafiti wa Crohn uliochapishwa mwaka 2012, watu waliokuwa wametulia wakaacha infliximab huku wakiendelea na dawa ya kundi la azathioprine, karibu nusu waliugua tena ndani ya mwaka mmoja.

Kuacha kunawezekana kwa baadhi ya watu, na huamuliwa kwa vipimo: kolonoskopi inayoonesha utando umepona, kalprotektini ya chini mara mbili mfululizo, CRP (kipimo cha damu cha mchochota) ya kawaida, na predinisoloni iwe imeachwa zamani. Mwenye fistula, aliyekatwa utumbo zaidi ya mara moja, au mvutaji sigara yumo kwenye kundi la kutojaribu. Ukiacha, pima kalprotektini kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu hupanda wiki kadhaa kabla damu haijaonekana. Iandike tarehe ya dripu ya mwisho. Ukirudia infliximab baada ya miezi mingi, mwili unaweza kuwa umeshatengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na dripu ya pili baada ya kurudi ndiyo yenye hatari zaidi ya mzio. Kipimo cha kiwango cha dawa na kingamwili hizo hufanywa baada ya dripu ya kwanza ya marejeo, kabla ya ile ya pili.